Nimemfufua Mama Mkwe Akiwa Mzima

Leo nimejiaibisha mbele ya ukoo mzima, na ukoo wenyewe si wangu.

Naandika nikiwa nyumbani Kitale. Suruali ya suti nimeiloweka kwa beseni, na sidhani magoti yake yatarudia rangi yake. Nyinyi wa hii grupu tulisoma uuguzi pamoja, mnanijua vizuri. Mimi Wafula si mtu wa kuficha kitu. Afadhali mlisikie kutoka kwangu kabla Nekesa hajaanza kuwapigia simu mmoja mmoja akicheka.

Basi leo ilikuwa siku ya kwenda kwa kina Nekesa, Bumula, kujitambulisha rasmi. Nekesa mnamkumbuka, ndiye huyo amenivumilia na shifti zangu tangu tukiwa wanafunzi. Kwake hakuna shida. Shida ilikuwa baba yake. Mzee alifanya kazi kwa kiwanda cha karatasi kule Webuye mpaka akastaafu, mtu wa mashine na grisi. Alipoambiwa binti yake anataka kuolewa na nesi, aliuliza huyo nesi anaitwa Mary ama anaitwa nani. Akaambiwa ni Wafula. Halafu akasema nije anione kwa macho yake, na akishaniona ndio atasema kama kuna harusi ama hakuna.

Kwa hivyo nilienda kukaguliwa. (Kama ng'ombe wa mnada, lakini na tai.)

Nilijipanga, bana. Suti ya bluu. Viatu unaweza kujiangalia ndani ukanyoa ndevu. Na kwa begi nikaweka ile mashine yangu ndogo ya kupima presha, ya betri. Mpango ulikuwa hivi: mazungumzo yakikaza, naitoa, nampima Mzee, kila mtu anashangaa, kesi imeisha. Akili yangu ilikuwa juu sana asubuhi. Nikamchukua Baba Mdogo awe msemaji wangu, kwa sababu baba yangu mzazi akikalishwa na wakwe huwa anaanza siasa.

Na onyo nilipewa, sitasema uongo. Nekesa aliniambia mama yake ni wa zamani: nisimtafute, nisimsalimie, nikisikia sauti yake niangalie kando. Kwa wale wa Mombasa mlioko humu, wacha niwaeleze. Kwetu Wabukusu, mwanaume na mama mkwe wake hawapeani mkono wala hawakai chumba kimoja. Wakikutana njiani kila mmoja anatafuta pa kupitia. Ni heshima, si chuki. Wengi wa mjini wameacha, siku hizi wanakumbatiana hadi kanisani. Mama Nekesa hajaacha. Hata picha yake Nekesa alikataa kunionyesha. Sikuwa naijua sura yake, na hapo ndipo utetezi wangu wote umesimama.

Tukafika. Tukakaribishwa sebuleni, chai ikaletwa, na Mama akabaki jikoni, ile jikoni ya nje iliyo nyuma ya nyumba kubwa. Vyakula vilikuwa vinapita kwa mkono wa Nekesa. Mzee akakaa mbele yangu na kofia yake. Hakuuliza safari ilikuwaje. Aliniangalia mikono.

"Kwa hivyo kazi yako ni kushikashika watu," akasema.

Mnanijua mimi na hiyo mada. Niliteremka nayo! Nikamwambia wodi yetu ikikosa mwanaume zamu moja, mambo yanalala. Nikamweleza juu ya wale wazee wanaokataa kuoshwa na msichana wa rika la binti zao, wanakaa na uchafu wakisubiri mimi niingie kazini. Nikamwambia kuna watoto Kitale wanaitwa Wafula kwa sababu mimi ndiye nilikuwa wa kwanza kuwashika. Nikamwambia kazi hii inataka mgongo, inataka tumbo gumu, inataka mtu asiyekimbia, na hizo zote si ndizo mnasema ni za mwanaume? Baba Mdogo alikuwa ameshika paja la kuku na kwa kila sentensi yangu alikuwa anatikisa kichwa kukubali.

Mzee akamaliza chai yake polepole.

"Mwanaume anashika chuma," akasema. "Watu wanashikwa na wanawake."

Nikaona saa ya mashine imefika. Nikaitoa, nikaiweka juu ya meza, nikamwomba kwa heshima zote anipe mkono. Akaiangalia. Akaniambia niirudishe, yeye si mgonjwa. Nikairudisha. (Zipu ya begi ilikwama. Nilihangaika nayo wote wakiniangalia.) Kisha akasema tukimaliza kula atatoa jibu lake, na kwa jinsi alivyolisema, hata Baba Mdogo aliacha kutafuna.

Nisikilizeni, niliogopa. Nimepambana na mambo mengi wodini na sijawahi kuogopa vile. Nilimwona Nekesa amesimama mlangoni na trei, anajaribu kunitabasamia na haiwezekani, nikajua ninaweza kurudi Kitale leo bila yeye.

Sasa ongeza hapo chai. Wakwe wanakujazia kikombe hata kabla hakijaisha, na huwezi kukataa. Kibofu kikaanza kuniita. Kwa utaratibu, mkwe akitaka kutoka nje anamwambia mtu, huyo mtu anatangulia, anasafisha njia ili asikutane na mama mkwe. Hilo nalijua. Lakini Nekesa alikuwa amerudi jikoni, na mimi kumwambia Mzee, katikati ya hukumu yangu, ati naomba kupelekwa choo? Nikasema hapana. Mimi ni mtu mzima. Choo cha kijijini kiko nyuma ya nyumba, kitakuwa wapi kwingine? Nikatoka.

Nyuma kulikuwa na njia nyembamba. Upande mmoja ukuta wa zizi la ng'ombe, upande wa pili shamba la nepia, ile nyasi ndefu ya kulisha mifugo. Jana kulinyesha. Nikakata kona haraka haraka, vile mtu aliyebanwa anatembea.

Nikaona miguu.

Miguu miwili imetoka kwa nepia, vidole vinaangalia juu. Ndala moja imevaliwa, nyingine iko katikati ya njia. Majani ya ndizi yametawanyika. Na huko ndani ya nyasi, mwanamke mzima amelala chali, leso yake ya kujifunga imemfunika uso.

Wengine hapo mngepiga nduru. Mimi nilikuwa nesi kabla sijawa mkwe, na mwili wangu ulikumbuka hivyo. Nikapiga magoti. (Matope, na kitu kingine cha ng'ombe ambacho si matope.) Nikaita, "Mama, unanisikia?" Kimya. Nikaita kwa nguvu. Kimya. Nikamfinya bega jinsi tulivyofundishwa. Hata hakutikisika.

Nikatoa leso usoni. Macho yamefumbwa kabisa, yamekazwa. Ningekuwa na akili ningejiuliza ni nani anazimia akiwa amekaza macho kama aliyeingiwa na sabuni. Sikujiuliza. Nikaangalia kifua, hakipandi. Nikaweka shavu langu karibu na pua yake, hakuna hewa. Nikashika shingo: moyo upo, tena unakimbia mbio za ajabu. Moyo unapiga, pumzi hakuna. Mnajua maana yake. Hapo ni mambo ya dakika.

Nikaita msaada. Niliita hadi ng'ombe akageuka. Na kwa sababu nilijua Mzee ananisikia kule sebuleni, nikaongeza kwa sauti kubwa, "Msiogope, niko hapa, mimi ni nesi!"

Nikarudisha kichwa chake nyuma. Nikainua kidevu. Nikamziba pua. Nikavuta pumzi ya kutosha watu wawili, nikainama.

Mdomo wangu ulikuwa umebakisha nafasi ya kiganja hivi nikasikia sauti ya Nekesa nyuma yangu. Haikuwa kubwa.

"Wafula. Achilia mama yangu."

Na hapo mgonjwa akafungua macho.

Tukaangaliana. Mimi na Mama Mkwe. Sijui kwa muda gani, lakini niliona nywele zake za mvi, niliona kovu dogo kwa nyusi, niliona vitu vyote ambavyo mkwe hapaswi kuviona mpaka wazee waseme. Halafu aliinuka, akaingia ndani ya nepia, nyasi ikafunga nyuma yake na tukasikia mlango wa jikoni ukibamizwa. Nikabaki nimepiga magoti, leso yake mkononi.

Baadaye ndio nilielezwa. Alikuwa ametoka kukata majani ya ndizi. Aliniona nikija kabla sijamwona. Kurudi nyuma hawezi, goti lake bovu. Kupita hawezi, njia ni nyembamba. Kwa hivyo akajitupa kwa nyasi, akajifunika, akangoja mkwe apite. Mkwe hakupita. Mkwe aliingia! Na yeye afanye nini? Akiongea, atakuwa ameongea na mkwe. Akifungua macho, atakuwa amemwangalia mkwe. Akabana macho, akabana na pumzi. Kila nilipozidi kumhudumia, yeye alizidi kuniheshimu.

Nikageuka. Mzee alikuwa amesimama pale na kofia yake. Baba Mdogo, msemaji wangu niliyemleta kutoka Kitale, alikuwa anachunguza masikio ya ng'ombe.

Tukarudi sebuleni. Nilikaa nusu kiti kwa sababu ya suruali. Mzee akauliza kwa upole, na huo upole ndio ulinimaliza, nilikuwa nataka kumfanya nini mama. Nikamwambia nilitaka kumpulizia pumzi.

"Kwa mdomo?"

"Kwa mdomo, Mzee."

Akavua kofia. Akaivaa tena. Baba Mdogo hatimaye akapata sauti, akasema upande wetu utaleta kondoo na blanketi kuondoa hiyo aibu. Mzee akamwinulia mkono anyamaze. Akasema alikuwa ameahidi jibu, na sasa jibu analo. Nilikuwa naangalia viatu vyangu. Nekesa alikuwa pembeni amejifunika uso kwa aproni, mabega yanatetemeka, na sikujua analia ama anacheka, na nilikuwa nimeogopa kuuliza.

Ndipo sauti ikatoka nje, upande wa nyuma ya ukuta. Haikuwa inaongea na mimi, hapana. Ilikuwa inaongea na mume wake.

"Baba Nekesa, mwaka jana nilianguka hapo hapo kwa zizi. Ulikuja?"

Mzee akajibu kwamba alikuja.

"Ulikuja ukauliza kama maziwa imemwagika."

Mzee akakohoa.

"Huyu hata hanijui," sauti ikaendelea. "Amepiga magoti kwa mavi ya ng'ombe na suti, kwa mtu asiyemjua. Alikuwa anaitaita watu akitetemeka ati nisife. Wewe unasema ni kazi ya wanawake. Basi mimi ni mwanamke, na sijawahi kufanyiwa hiyo kazi." Ikaongeza: "Na hiyo mashine umeikataa, mwambie alete kwa dirisha ya jikoni."

Baba Mdogo ndiye alifikiria kwanza, akaamua kwamba mkono peke yake si mama mkwe. Wazee wakakubaliana hivyo.

Kwa hivyo, wauguzi wenzangu, leo nimepima presha vile hamjawahi kupima na hamtapima. Nekesa alining'iniza leso dirishani kama pazia, ile ile leso. Mkono ukatoka chini yake. Mimi nimesimama nje, mgongo nimeupa jikoni, macho kwa ng'ombe, nafunga mkanda kwa kupapasa. Nikasema kwa heshima, nikimwambia ng'ombe, kwamba mgonjwa apumue kawaida tafadhali. Nikasikia kicheko kidogo ndani. Mkanda ukajaa, ukapungua. Ilikuwa sawa kabisa. Nikamwambia ng'ombe iko sawa.

Nilipogeuka nimkabidhi Nekesa mashine, Mzee alikuwa nyuma yangu. Alikuwa anakunja mkono wa koti, polepole, mpaka juu ya kiwiko. Akaninyooshea mkono. Una alama za mashine za kiwandani mahali pengi, na misuli bado iko. Nikafunga mkanda, nikauegemeza huo mkono wake kwa wangu usichoke. Akawa anaangalia vile nilivyoushika.

"Harusi mfanye baada ya mavuno," akasema, mkanda ukiwa bado unabana.

Nikamwambia asiongee wakati wa kupima, itaharibu namba. (Ndiyo, nilimwambia hivyo. Mazoea ni mazoea.) Akanyamaza kweli, na ni mara ya kwanza mtu wa hilo boma kumwona akitii.

Kondoo na blanketi bado nitapeleka, hilo halijafutwa. Lakini mvulana yeyote akiwauliza kama uuguzi ni kazi ya kumfaa mwanaume, mwambieni Wafula amesema ndiyo, aingie na miguu yote miwili. Mwambieni tu akienda ukweni aulize choo kiko wapi, kwa sababu mimi kile cha Bumula mpaka sasa sijakiona, na msiniulize nilifikaje Kitale.