Wahitimu wa Kambi ya Minakoda

Waliohudhuria kikao cha Jumapili ya pili ya Machi, saa tisa alasiri, katika sebule ya familia ya Oldershaw mjini Toronto, walikuwa hawa: Daktari Fenwick Oldershaw, mtaalamu wa meno na mwenye nyumba; mkewe, Corinne; jirani wa kushoto, wakili Gavin Strand; jirani wa kulia, Bi Shirin Daruwalla, dalali wa majumba; Bibi Hester, mama mzazi wa daktari, aliyeketi dirishani akifuma soksi; Odile, binti wa daktari, mwenye umri wa miaka tisa, aliyekuwa chini ya piano na sindano yake; na Bwana Lorne Tackaberry, Mkurugenzi wa Kambi ya Minakoda. Kambi yenyewe haikuhudhuria, kwa kuwa haikuwepo duniani.

Wazo la kambi hiyo lilizaliwa wiki tatu kabla, kwenye kiti cha daktari wa meno. Tackaberry alikuwa mtu wa kula kwa ulimi wake. Siku hiyo, hata hivyo, ulimi ulikuwa umekufa ganzi na mashavu yamejaa pamba, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi akalazimika kumsikiliza mtu mwingine.

"Kambi zote za maana za ziwani zimejaa tangu Oktoba," daktari alikuwa akimlalamikia msaidizi wake. "Za ovyo zina nafasi tele. Lakini wewe, mimi nimpeleke mwanangu kambi ya kila mtu?"

Ikumbukwe kwamba katika mtaa ule, kiangazi kikifika, mtoto hupelekwa kaskazini ziwani akaumwe na mbu kwa majuma kadhaa, akapige kasia, akalale kwenye kibanda cha mbao kinachovuja. Kama mtoto atafurahi au atalia ni jambo dogo. Jambo kubwa ni kuumwa na mbu wa kambi gani. Tackaberry, mate yakimchuruzika kidevuni, aliiona riziki yake ikimwinamia na koleo mkononi.

Alielewa upesi kwamba watu wa aina hii huwezi kuwauzia kitu kinachopatikana. Kwa hiyo Minakoda haikuwa na kibao barabarani, wala simu, wala picha hata moja. Jina lake halikuwa na maana katika lugha yoyote ya wanadamu, ila lilinukia misonobari. Juu ya yote, ilipokea watoto wa wale tu waliopitia huko wenyewe utotoni, kama ulivyo utaratibu wa kambi kongwe zote.

"Nafasi za Minakoda ni sita tu, daktari," alisema pamba ilipotolewa. "Ila wewe hukupitia kwetu, nadhani. Samahani basi, tusipotezeane muda."

Daktari aliupima ukweli kwenye kitanga kimoja cha mizani na majirani zake kwenye kingine.

"Nilipitia," alisema. "Kiangazi cha themanini na nne."

Juma halikwisha kabla wakili Strand hajakumbuka kwamba naye alipitia Minakoda, tena viangazi viwili. Bi Shirin, aliyezaliwa Karachi na kuiona Kanada kwa mara ya kwanza akiwa na miaka thelathini, alikumbuka hadi baridi ya maji asubuhi. Hakuna aliyemdanganya mwenzake vibaya kuliko alivyojidanganya mwenyewe, na Tackaberry hakuhitaji kusema uongo zaidi. Kazi hiyo alifanyiwa bure.

Mtu mmoja tu katika nyumba ile alikuwa akiitamani kambi kwa ajili ya ziwa. Viangazi vitatu mfululizo Odile alikuwa ameahidiwa kambi, na viangazi vitatu wazazi wake wakakosa nafasi mahali panapowafaa wao, akaishia kwenye masomo ya ziada ya hesabu, kisha ya Kifaransa, kisha ya fidla. Safari hii aliamini. Alikuwa akikata siku kwenye kalenda ya jikoni. Alikuwa akijizoeza kuzuia pumzi ndani ya beseni la kuogea hadi masikio yakavuma. Na kwa kuwa kila nguo ya kambini hushonewa jina la mwenyewe, alikwisha kushona jina lake kwenye jozi kumi na nne za soksi, na sasa alikuwa kwenye taulo, herufi ya tatu.

Bibi Hester aliyaona yote hayo. Alikuwa amepika katika kambi moja ya ziwani kwa viangazi thelathini na kimoja, siri ambayo mwanawe aliwaeleza majirani kwa maneno "mama alihudumu katika mambo ya lishe." Hakuna jiko huko kaskazini ambalo hakuwahi kulikopa unga, na hakuna aliyewahi kuja kumkopa unga akitokea Minakoda. Angeweza kusema hivyo tangu siku ya kwanza. Lakini akisema, Odile angerudi kwenye hesabu za sehemu. Akahesabu mishono, akasubiri.

"Ndugu wahitimu," Tackaberry alianza, akisimama karibu na vikeki vya siagi, "sina haja ya kuwaeleza Minakoda ni nini. Mnaijua kuliko mimi."

Walikubali kwa vichwa, kwa unyenyekevu wa watu wanaostahili. Bahasha tatu za ada zilikuwa mezani. Mkono wake ulianza kuzielekea.

"Subiri kidogo, mwanangu," alisema Bibi Hester. "Tunaanzaje bila wimbo wa kambi?"

Mkono ulisimama hewani.

"Wimbo, mama?"

"Ndiyo, wimbo. Au umeusahau, na wewe ndiye mkurugenzi?"

Hakuna aliyethubutu kubaki ameketi. Wakili Strand akaanza kuguna, daktari akaifuata midomo ya wakili, Bi Shirin akaifuata ya daktari, na Tackaberry, mwenye mradi, akawafuata wote watatu, nusu neno nyuma yao. Ulikuwa wimbo wenye maji, misonobari na "milele" nyingi mno. Corinne, ambaye hakuwa amedai kupitia popote, alifuta chozi.

"Fenwick, ubeti wa pili umenikumbusha mbali," Bibi Hester alisema. "Siku zile napika pale."

Kahawa ilimpalia daktari.

"Mama, ulipika Minakoda?" Bi Shirin aliuliza kwa heshima mpya. "Daktari, mbona ulituficha?"

"Anaona haya kujisifu," Bibi Hester alijibu. Kisha akamgeukia mkurugenzi, akakaza macho. "Na wewe sasa nakukumbuka. Si wewe Lorne uliyetumbukia chooni?"

Tackaberry alitazama kushoto na kulia, asione pa kutokea. Kukana kwamba alikuwepo kungekuwa kuifunga kambi kwa mkono wake mwenyewe.

"Ndiye mimi, mama," alisema.

"Jamani, nakumbuka!" wakili alipiga goti lake. "Ile harufu!"

"Tulikwambia ushike kamba, ukajifanya mjuaji," daktari aliongeza, akianza kuifurahia kumbukumbu hiyo.

"Basi tufuate desturi," Bibi Hester alisema, akisogeza kikapu cha sufu kwa mguu. "Ada hukaa kwa mpishi mkongwe hadi watoto wafike. Au mlibadilisha?"

"Ndivyo ilivyokuwa siku zote," alitamka wakili Strand kwa sauti ya mahakamani, na bahasha tatu zikaingia kikapuni, zikazama chini ya sufu ya kijani.

Mtu anayewaingiza wenzake mjini huutambua mlango anapouona. Tackaberry alivaa koti mkono mmoja, akataja miadi ya ghafla. Wiki tatu za kazi, meno mawili yaliyozibwa, na mavuno yake ni keki moja.

"Na lile sanduku la wazee, nani amelitunza?" Bibi Hester aliuliza, kana kwamba anaiuliza sindano.

"Sanduku gani?" mkono wa pili wa koti ulining'inia.

"Lililo chini ya sakafu ya jikoni. Kila familia ilitia chochote kila mwaka, tangu hamsini na moja. Halijafunguliwa. Hupewa mkurugenzi siku ya mwisho ya Agosti, iwapo hakukosa kambini hata siku moja. Wa mwisho alitoroka kwa sababu ya mbu, maskini."

"Baba yangu alitia pete," wakili alisema, akitazama mbali.

"Sisi tulitia sarafu za dhahabu," alisema Bi Shirin wa Karachi.

Tackaberry alilivua koti. Alilivua polepole, kwa heshima, kama mtu aliyeingia mahali pa ibada.

"Hakikisho tu, mama. Vibanda bado ni vilevile?"

"Sita, na gati, palepale nilipopika. Vimefungwa miaka minne, mwenye navyo atanikodisha kwa bei ya kiberiti. Kesho nitampigia simu. Ila watumishi hakuna. Kuni, vyoo, mitumbwi, sufuria, yote ni mkurugenzi."

Wahitimu walipokuwa wakigombania kukumbuka nani alilala kitanda cha juu, Odile alitambaa kutoka chini ya piano hadi miguuni kwa bibi yake.

"Bibi, sanduku lipo kweli?"

"Lipo, mjukuu wangu. Nililiacha mwenyewe."

"Lina nini?"

"Vijiko vya supu."

Odile alifikiri. Kuhusu vijiko hakuwa na neno.

"Na ziwa?"

"Ziwa lipo tangu Mungu alipoliumba. Maliza taulo."

Hapo Bwana Tackaberry aligonga kikombe kwa kijiko, akangoja hadi sebule nzima ikatulia.

"Ndugu wahitimu," alisema, mkono kifuani, "nimeamua. Minakoda itafunguliwa tarehe mbili Julai, na mimi mwenyewe nitakuwa huko, nitapasua kuni, nitasugua vyoo, wala sitatia mguu nje ya kambi hata saa moja hadi siku ya mwisho ya Agosti."