Hotuba ya Kuwapokea Waendesha Baiskeli wa Jangwa la Lituhi

(Ilitolewa na Ndugu Praygod, Mratibu Mkuu wa Msafara wa Baiskeli wa Hisani, ufukweni Lituhi, Jumamosi moja ya Mei 1996. Imenakiliwa na Evarist, katibu wa kijiji, aliyeagizwa aandike kila neno, na makofi pia.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa kuwa hakufika ni mimi. Mwenyekiti wa Kamati Teule ya Maandalizi, ambaye pia ni mimi, ila naomba kofia hizi mbili zisichanganywe. Waheshimiwa viongozi wa serikali ya kijiji. Masista wetu mliokaa benchi la mbele kwa upole mkubwa. Wataalamu wa kilimo, mifugo, uvuvi na ushirika. Wawakilishi wa sekta binafsi, yaani wewe mwenye duka na wewe mnunuzi wa kahawa uliyepotea njia. Ndugu zetu wa Litembo mlioteremka kununua usipa, dagaa wetu wa ziwani. Akina baba, akina mama, vijana, na yeyote ambaye cheo chake kimenipita mdomoni, jihesabuni mmetajwa. (Makofi ya masista wawili.)

Ndugu wananchi, tupo katika zama za mageuzi, soko huria, ubinafsishaji na ushirikishwaji, zama ambazo kiongozi makini hakai tena kungoja serikali kuu imletee maendeleo kwa lori, bali anakaa mezani pake, anajaza fomu, anaambatanisha picha, anabandika stempu, na maendeleo yanamjibu kwa barua. Kiongozi wa namna hiyo mnaye. Simtaji, maana unyenyekevu ni sehemu ya sifa zake, lakini mkimtafuta kwa macho mtaona amevaa suti ya kijivu na ameshika kipaza sauti. (Hakuna makofi. Niliangalia vizuri.)

Kama mnavyofahamu, msafara huu ni wa hisani, na hisani yenyewe ni chumba cha kujifungulia akina mama wa mwambao huu. Wako marafiki zetu ng'ambo, watu wa moyo, wapenzi wa baiskeli, ambao huwasaidia akina mama wa nchi yoyote ile kwa sharti moja tu: kwamba wenyeji wafanye kwanza safari ya baiskeli ya siku sita, yenye sapoti kamili ya gari, maji, dawa na mahema, kupitia hifadhi za jangwa. Fomu yao ina swali: je, eneo lenu lina hifadhi za jangwa, ndiyo au hapana? Sasa mimi, ndugu zangu, nimesoma hadi chuo, nimehudhuria semina elekezi kumi na saba, na katika maisha yangu ya utumishi sijawahi kumwandikia mfadhili neno hapana. (Kicheko nyuma, upande wa wavuvi.)

Hapo ndipo ilipozaliwa Hifadhi ya Kwanza ya Jangwa, yaani mchanga huu mliokalia. Nakiri kwamba upembuzi yakinifu ulibaini jangwa letu lina changamoto moja ya kiufundi upande wa magharibi, ambayo ni ziwa. Changamoto hiyo tuliitatua kitaalamu kwa kumgeuza mpiga picha. Nawapongeza pia akina mama mlioanua usipa wenu kwa siku tatu, kwa sababu wafadhili hawajazoea kuona samaki wameanikwa jangwani. (Sauti ya mama: "Walioza wote, baba!") Walioza kwa ajili ya chumba cha kujifungulia, mama, na mchango huo nimeutaja kwenye ripoti, ukurasa wa nane.

Hifadhi ya Pili ya Jangwa iko Litembo. (Mzee Ildefonsi, mkulima wa Litembo, amevua kofia: "Wapi?") Litembo, mzee wangu, kule kwenye mteremko uliojaa mashimo. Nilipita mwezi Machi nikaona mlima mzima umechimbwa mashimo yaliyopangwa, udongo mtupu, hakuna jani, nikasema, haya si mandhari ya kawaida. Wafadhili waliiona picha wakauliza mashimo haya ni ya nini. Nikawajibu kwa ujasiri kwamba ni nyayo za tembo. (Mzee Ildefonsi: "Hizo ni ngoro! Ndiyo tunavyolima sisi, shimo linashika maji ya mvua. Nimechimba na mke wangu Getrude wiki tatu, mgongo unauma mpaka leo. Saa hizi ni maharage matupu." Kicheko kirefu.) Nakushukuru, mzee, kwa taarifa hiyo ya ziada. Ila barua ilishaondoka, na barua ikishaondoka tembo nao wameshapita.

Sasa niingie kwenye suala la logistiki. Wiki tatu zilizopita, katika kampeni kabambe ya mobilaizesheni, nilipita nyumba kwa nyumba nikaazima baiskeli thelathini, na mwitikio ulikuwa wa asilimia mia na tatu, maana kuna aliyetoa na pampu. Kipekee nimtaje Mama Vitalia, mkunga wetu, aliyetoa Foniksi yake yenye keria pana, ile anayowapelekea wajawazito hospitali ya misheni. Alisita kidogo, nikamweleza kuwa baiskeli yake inakwenda kuleta chumba kizima, naye akaiachia. Makofi kwa Mama Vitalia!

(Makofi mengi, ya kweli. Mama Vitalia amesimama, lakini si kwa ajili ya makofi. Anasema: "Baba, samahani kukukata. Anjelina, mke wa mwanangu, uchungu umemshika tangu asubuhi. Mtoto wa mwaka jana tulimzika. Safari hii mganga wa zahanati kaandika aende hospitali asizalie hapa. Naomba baiskeli yangu.")

Ahsante sana, mama, kwa mchango mzuri, ingawa umekuja kabla ya kipindi cha michango. Ndugu wananchi, mmesikia wenyewe. Huyo Anjelina ndiye tunayemwita kitaalamu mlengwa, na ni bahati kubwa kwa mradi kupata mlengwa siku ile ile ya kilele. Apigwe picha. Na baiskeli yako, mama, iko njiani. Inaongoza msafara, na kwa mahesabu yangu wataibuka pale kwenye ile kona baada ya muda si mrefu. Hebu vuta subira, wakati mimi nikiwaeleza walivyosafiri.

Siku ya kwanza mashujaa wetu thelathini waliondoka Mbinga mjini wakiwa na ari kubwa, wakala kilomita arobaini. Siku ya pili kiu iliwatesa, gari la sapoti likawagawia maji, na mmoja aliyezimia akapakizwa, akapepewa, akazinduka akiomba kuendelea. Siku ya tatu walivuka Jangwa la Litembo kwenye jua kali mno. (Mzee Ildefonsi: "Nimetoka Litembo juzi. Mvua ilinyesha kutwa, na baiskeli hatujaona hata moja.") Hukuwaona, mzee, kutokana na vumbi. Siku ya nne pancha kumi na moja, zote zikazibwa na fundi wa msafara huku akiimba. Siku ya tano dhoruba ya mchanga...

(Wanawake wanne wamemleta Anjelina wamemshika mabega, wamemkalisha kwenye kivuli cha gari la msafara lililoegeshwa kando ya jukwaa. Mama Vitalia: "Mwanangu, sitaki habari za dhoruba. Kama baiskeli haijafika, nipe gari hilo. Dereva yupo, limesimama tu.")

Mama, naelewa hisia zako, nami ni mzazi wa watoto watatu, lakini ofisi haiendeshwi kwa hisia. Gari hili, kwa mujibu wa kifungu cha tisa cha makubaliano, ni gari la sapoti. Kazi yake ni kumbeba mwendesha baiskeli aliyechoka, aliyeumia au aliyekata tamaa, na haliruhusiwi kuondoka uwanjani, nasisitiza, haliruhusiwi, mpaka mwendesha baiskeli wa mwisho awe amefika salama. Ndiyo maana ufunguo nimeushika mwenyewe, hapa mfukoni. Je, nikiliachia gari hili sasa hivi, kisha mwanamichezo wetu akaanguka kule mlimani, nitawajibu nini wafadhili? (Kelele. Sijaziandika zote, nyingine si za kuandikwa mbele ya masista.)

(Mama Vitalia amekuja mpaka chini ya jukwaa. Hapigi kelele. Anauliza: "Wako wapi?")

Wako njiani, mama.

("Njia ipi?")

Njia ya, ya mlimani, ile iliyoidhinishwa.

("Nitajie mmoja. Kila mtu hapa ana ndugu Mbinga. Nitajie jina la mmoja tu anayeendesha baiskeli yangu, na baba yake ni nani, nami nitakaa chini nimsubiri." Anjelina amelia mara moja, kwa nguvu. Mheshimiwa amegeuza karatasi, amegeuza tena, amekunja.)

Ndugu wananchi. Ukurasa huu hauna jibu la swali hilo. Kwa hiyo, kwa mamlaka niliyonayo kama Mratibu Mkuu, na kwa kuzingatia kifungu kile kile cha tisa ili pasiwe na ukiukwaji wa taratibu, natamka rasmi kwamba mwendesha baiskeli wa mwisho amekwishafika, kwa sababu wa kwanza hakuondoka.

(Mtu mmoja amecheka, kisha wote.)

Cheka, chekeni, ila kwanza pisheni njia. Shikamoo, mama. Ufunguo huu hapa. Othmar! Acha kuchezea redio, washa gari, toa mahema hayo siti ya nyuma, yatupe tu, hayajawahi kufunguliwa. Mlaze vizuri. Masista, pandeni naye. Polepole kwenye mashimo, Othmar, na ukikutana na mtu yeyote akakuuliza gari ni la nani, mwambie ni la Anjelina. (Gari limeondoka, Mama Vitalia akiwa ndani. Makofi. Haya nayahesabu: ya uwanja mzima.)

Ahsanteni. Naomba sasa niendelee kutoka pale nilipoishia. (Sauti: "Baiskeli zetu ziko wapi?") Ziko salama, ndugu zangu, ziko stoo ya ofisi kule Mbinga, zote thelathini, na pampu. Zilipangwa mstari kwenye mchanga huu asubuhi moja, zikapigwa picha, zikapangwa upande mwingine, zikapigwa picha tena, zikawa sitini. Nilikusudia kuzirudisha wiki ile ile, naapa, lakini barua ya pongezi ikaja haraka ikiomba picha za wapanda baiskeli wakiwasili, na nikaona niandae mapokezi kwanza, mengine yatajipanga. (Mzee Ildefonsi: "Yamejipanga. Gari likirudi utapanda na vijana sita, mtaleta baiskeli. Mpaka hapo kaa na sisi, usipa wapo." Watu wameitikia. Wavuvi wamesogea kwenye ngazi za jukwaa.) Naupokea ushauri huo kwa mikono miwili, hasa nikizingatia mlivyonizunguka.

Basi nimalizie kwa kaulimbiu yetu. Baiskeli oyee! ("Zirudi!") Hisani oyee! ("Ya nani!") Msafara oyee! ("Haupo!") Ahsanteni, naona kaulimbiu imeeleweka kuliko nilivyotarajia.

Kwa namna ya pekee nimshukuru mpiga picha, ambaye bila yeye msafara huu usingefanyika mahali popote, maana ndani ya kamera yake ndimo ulimofanyika. Nalishukuru ziwa kwa kukaa kimya nyuma yetu. Nawashukuru mashujaa thelathini, ambao majina yao niliyatunga mwenyewe kwa siku moja nikiwa na homa, na ambao nimewazoea hivi kwamba yule aliyezimia siku ya pili nilimsikitikia kweli. Nawashukuru wafadhili, watu wema sana, walioniuliza juu ya mchanga, juu ya tembo, juu ya urefu wa mahema na idadi ya chupa za maji, na kwa miaka miwili ya barua hawakuniuliza hata mara moja kama mama fulani amepata pa kuzalia. Na mimi nikaacha kujiuliza. Hilo, ndugu katibu, unaweza usiliandike. (Nimeagizwa kila neno.)

Wa mwisho ni Mama Vitalia. Hakusoma proposali, hakuhudhuria semina hata moja, na kwa maneno mawili amemaliza kazi ambayo wakaguzi...

(Vigelegele. Vinatoka mbali, upande wa mashamba ya mihogo. Gari limesimama pale barabarani, milango yote wazi, na sista mmoja anapunga kitambaa. Uwanja mzima umesimama.)

Nashukuru kwa vigelegele hivyo, nashukuru, mmenipa heshima ambayo... Si vyangu?

("Ni vya mtoto!" Watu wanakimbilia barabarani. Viti vimeanguka.)

Amelia? Mtoto amelia? Na mama yake mzima? Waambieni waendelee tu hospitali, wasirudi huku, gari ni lao mpaka kesho, mpaka keshokutwa. Mimi nipo.

(Tumebaki wawili, yeye jukwaani na mimi na daftari. Wavuvi nao wameondoka kwenye ngazi, na yeye hajashuka.)

Basi ahsanteni kwa kunisikiliza. Hata hivyo nilikuwa nimemaliza.