Boti Inayochaji Ikitazama Tanzania

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Boti imekataa tena. Nilikuwa katikati ya Ziwa Jipe na walimu wawili wa Taveta waliotaka kuona viboko. Nikazima injini ili wasikie ndege. Wakawasikia. Nilipotaka kuwasha, injini ikasema "ka", ikanyamaza. Taa nazo zimekufa. Soda kwenye friji zilikuwa moto kama uji.

Tulivutwa hadi ufukoni na Kiilu, kwa mtumbwi wake wa kupiga kasia. Kiilu ndiye mshindani wangu hapa ziwani. Hana injini, hana betri, hana hata kofia ya kapteni. Alivuta huku akiimba nyimbo za kanisa. Alipofungua kamba akaniuliza, kwa heshima zote, kama boti naiuza, maana anatafuta banda la kuku.

Kinachonishangaza: betri ni mpya. Paneli ya sola iko juu ya paa la boti, na jua la huku halijui likizo. Stima lazima inaingia. Sasa inaenda wapi?

Nimempigia mke wangu Lois, anayefundisha Voi. Amenikumbusha kwamba Jumamosi mama yake anashuka kutoka Wundanyi na akina mama wa kanisa, niwatembeze ziwani. "Baba Shanice," akasema, "ukimwaibisha mama yangu huko majini, boti apewe Kiilu afugie kuku." Hakupandisha sauti. Ndiyo maana nimeogopa.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepata jibu. Kiilu ananiibia stima. Ushahidi: simu yake haiishi chaji, na nyumbani kwake hakuna hata balbu. Nimejificha kwenye matete tangu asubuhi, nikiilinda boti. Mbu. Tope ndani ya buti. Kiboko mmoja alikuja kunitazama, akaona sina maana, akaenda zake.

Adhuhuri Kiilu akaja na mtumbwi moja kwa moja hadi mafichoni kwangu. Akaniuliza nimepoteza nini. Nikamwambia nahesabu ndege. Akanipa ndizi ya kuchoma. Nikamuuliza, hivi hivi tu, simu yake huwa anaichaji wapi. Kwa dada yake, mwenye duka kule barabarani.

Nimeila ndizi. Ilikuwa tamu, jambo lililoniudhi zaidi.

Jumatano, 6 Agosti

Nimebeba betri hadi Voi kwa Mumbe, fundi wa sola karibu na soko. Mumbe huanza kucheka kabla hujamaliza kueleza shida. Akaipima.

"Betri yako si mgonjwa," akasema. "Ina njaa. Hailishwi ikashiba."

Nikamuuliza inataka kula nini. Akacheka tena, kisha akaniambia nichunguze njia yote ya chakula, kuanzia paneli, nipite kwenye nyaya, hadi vichwa vya betri. Akaniazima mita ya kupimia.

Njiani nimeyatafakari sana maneno yake. Kama betri moja ina njaa, zikiwa mbili zitasaidiana. Nikarudi dukani nikanunua ya pili. Aliniuzia, lakini huku akitikisa kichwa.

Alhamisi, 7 Agosti

Mita ni kitu kizuri kuliko nilivyodhani. Nimepima betri zote mbili, redio, tochi na waya wa kuanikia nguo. (Waya wa nguo hauna kitu.) Unagusa hapa, namba inakuja. Unagusa pale, inaondoka. Nimejiuliza nimeishije miaka hii yote bila kujua.

Vichwa vya betri vilikuwa vimeota ukungu wa kijani. Nikavimwagia maji moto, nikavisugua kwa msasa. Namba ikapanda kidogo. Paneli ilikuwa imepakwa kinyesi cha ndege. Nikaiosha. Ikapanda kidogo tena, ikaganda hapo. Hesabu ikawa mbaya kuliko jana: sasa nina betri mbili zenye njaa.

Halafu upepo wa asubuhi ukaja, fundo langu likafunguka. Boti, ambayo hulala pua ikiwa ufukoni, ikageuka polepole hadi pua ikaelekea ng'ambo, Tanzania. Namba ikaruka. Nikaivuta boti irudi kuitazama Kenya. Namba ikaanguka. Nikaigeuza tena. Ikaruka. Nimeizungusha boti mpaka mabega yakauma, na majibu ni yale yale. Boti yangu inachaji ikitazama Tanzania.

Kiilu akauliza kama betri zina pasipoti. Nikampigia Lois nikamweleza. Akauliza kama nimekula.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimeamka na swali moja. Kwa nini Tanzania? Jua ni lile lile. Maji ni yale yale. Hata viboko huvuka bila kuulizwa. Nikapanda juu ya paa, nikakaa kando ya paneli nikiikodolea macho, jinsi mtu anavyongoja maharagwe yaive.

Ndipo nikaona kitu cheusi kimelala juu ya paneli, kirefu, chenye kona nne. Kilikuwa kivuli cha bango langu. Mwezi uliopita Kiilu alichomeka kibao kwenye mtumbwi wake, nami nikasimamisha ubao puani pa boti, mrefu kuliko paa, wenye maandishi KAPTENI ZEPHA. Boti ikitazama Kenya, jua la asubuhi linatokea nyuma ya ubao na kivuli kinaangukia paneli. Ikitazama Tanzania, kivuli kinaangukia maji.

Niliteremka. Tukaung'oa ubao. Kiilu alikuja kushika upande mmoja bila kuitwa, na aliung'oa kwa furaha ambayo sikuipenda. Namba ikapanda ikabaki juu, boti itazame kokote. Alasiri betri zote mbili zimejaa na soda zimekuwa baridi. Nikampa Kiilu moja.

Nimempigia Mumbe. Alikuwa akisema kuhusu vivuli, eti hata kikigusa kona moja tu paneli nzima hulegea, lakini mtandao ulikuwa unakatikakatika. Si neno. Kiini nimekishika: mbao na stima havipatani.

Jumamosi, 9 Agosti

Wamekuja. Mama mkwe wangu, Mama Priscilla, alikaa mbele kabisa na Biblia mapajani. Lois alikaa karibu na injini, akinitazama mimi, si ziwa. Tukafika kwenye matete ya mbali. Nikazima injini ili wasikie ndege.

Kiboko akaibuka. Karibu. Akina mama wakaacha kuongea wote kwa pamoja. Kiboko akapiga mwayo, akaanza kutusogelea. Mama akasema kwa sauti ndogo, "Mwanangu, twende sasa." Nikabonyeza.

Injini ikawaka mara moja.

Tulipokuwa mbali, mmoja akaanzisha wimbo, wote wakaitikia. Lois aliweka mkono begani mwangu akauacha hapo hadi ufukoni. Miaka mingi hajafanya hivyo mbele ya mama yake.

Wakati wa kuagana Mama alinisifu mbele ya wote. Akaongeza jambo moja tu: jua la ziwani limewachoma vibaya, watu wazima wanahitaji kufunikwa.

Jumanne, 12 Agosti

Mama mkwe akisema, limepita. Nimepata turubai zito la lori kule Voi, la kijani, halipitishi mwanga hata kidogo. Mbao sitaki kuziona tena, kwa hiyo nimelisimamisha kwa mabomba ya chuma. Linaanzia puani, linapita juu ya paa lote, linaishia nyuma ya injini. Nimekaa chini yake tangu asubuhi. Baridi safi. Hakuna mahali hata pamoja jua linapopenya.

Ajabu ni kwamba mita ya Mumbe inasoma sifuri tangu nimalize kufunga kamba. Nadhani imeharibika. Kesho nampelekea, na nitamwambia auze vitu imara.