Dhahabu Iliyochoka Kukimbia

Octavian aliiona pete kabla hajamwona mwenye kidole. Ilikuwa ya Winnie, binti wa mama Coletha wa Mikumi, aliyekuwa anafunga ndoa Jumamosi, na ilikuwa dhahabu ya kweli. Octavian akatabasamu. Jino lake la dhahabu likatangulia kumsalimia mama mwenye nyumba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe si yule mtaalamu niliyekuona Magomeni, kule Kilosa? Hereni ya rafiki yangu Editha iligeuka nyeupe, ukaichoma kwenye jiko, ikarudi njano."

"Ndiye, mama. Dhahabu za siku hizi zinachoka. Hebu nimwangalizie mwanao."

Akachomoa kitambaa kutoka mfuko wa kulia wa koti, akaomba pete, akaanza kuipangusa huku akihubiri.

"Atomu ya dhahabu ni nzito, kiini chake kina mvuto wa balaa. Kwa hiyo elektroni za ndani zinakimbia zaidi ya nusu ya kasi ya mwanga! Mbio hizo zinazifanya ziwe nzito, zinajikunyata karibu na kiini, mpangilio mzima unabadilika, na dhahabu inameza mwanga wa bluu. Ndiyo maana tunaona njano. Bila mbio hizo ingekuwa nyeupe kama fedha."

Tumtendee haki: hapo hakudanganya hata kidogo. Octavian aliiheshimu sana sayansi, hasa ile sehemu yake ya mwanzo. Uongo ulikuwa kwenye kitambaa. Alikuwa amekipaka zebaki, ambayo ikigusa dhahabu huivisha weupe. Na zebaki yenyewe ni ya majimaji kwa sababu ya mbio hizo hizo za elektroni.

"Mungu wangu!" Winnie akapiga kelele. Pete ilikuwa nyeupe. "Elia aliyeinunua atasema nimeiuza nikavaa bati! Mama, Jumamosi naolewa na nini?"

"Elektroni zimechoka kukimbia," Octavian akasema kwa huzuni ya msibani. "Zinataka moto. Ila hizi zimechoka vibaya, jiko haliziwezi. Naenda nayo kwenye mtambo wangu, kesho naileta."

Mama Coletha hakuzijua elektroni. Alichojua ni kwamba huyu bwana ana vitambaa viwili vyeupe vinavyofanana, cha kulia cha pete na cha kushoto cha jasho, na kwamba hata kule Magomeni alikuwa makini asivichanganye.

"Kula kwanza, mwanangu. Kwangu mgeni haondoki na njaa."

Octavian akaitia pete mfuko wa shati, akavua koti, akaenda kunawa. Aliporudi, koti lilikuwa pale pale kitini. Vitambaa tu ndivyo vilivyokuwa vimehama mifuko.

Supu ikaja na pilipili ya kumkomesha mtu. Octavian akahema, akatokwa machozi, akapapasa mfuko wa kushoto, akajifuta uso na mdomo uliokuwa wazi ukitafuta hewa.

"Hebu cheka kidogo," mama Coletha akamwambia.

Akacheka. Winnie akamwekea simu mbele kama kioo. Jino lilikuwa jeupe pee!

"Masikini, na zako zimechoka." Mama Coletha akalivuta jiko la mkaa, akashika koleo. "Tiba si moto? Panua mdomo, mwanangu."

"Mama, hili... hili halina haraka!"

"Usiogope, ni muda mfupi tu. Winnie, mshike kichwa."

Pete ikachomoka mfukoni mwa shati ikaanguka mezani, kiti kikaanguka sakafuni, na Octavian akatoka mbio bila koti. Mama Coletha akaichoma pete uani, mbali na watu, zebaki ikapaa kama mvuke, pete ikarudi njano, na Jumamosi Winnie akaolewa nayo.

Octavian yupo. Siku hizi anawaambia watu wa Chanzuru kwamba jino lake ni platinamu, na kwamba dhahabu imepitwa na wakati. Ila akiletewa supu, anauliza kwanza kama ina pilipili.