Maiti wa Masoko Aliyeogopa Mvua

Jamani, leo nimedhalilika mbele ya mama mkwe.

Mwaka jana kuna vijana walikuja kwetu Masoko, Rungwe, kupiga filamu ya vita. Inahusu jinsi Wajerumani walivyochapwa na Wahehe. Mimi nikapewa nafasi ya askari wa Mjerumani aliyekufa. (Ndiyo, maiti. Kila mtu na kipaji chake.)

Leo baada ya ibada ikaonyeshwa ukumbini, Bulyaga. Mke wangu kamwambia mama yake kwamba nimo, mama yake kaiambia kwaya yake nzima. Viti vya mbele vyote vitenge!

Na filamu ni nzuri, nisiwe mchoyo. Wahehe wamelala kwenye majani, kimya, mpaka na sisi tukaacha kutafuna karanga. Mjerumani anapita na mizinga yake, kifua mbele. Mara, pa! Risasi moja tu. Wakainuka kila upande na mikuki! Mzee mmoja nyuma yangu akapaza sauti, "Wapigeni hao!" Mwili ukanisisimka, nikashangilia na mimi. (Nikasahau niko upande wa wanaopigwa.)

Vita vikaisha. Kamera inapita taratibu juu ya maiti, mama mmoja anaomboleza kwa sauti inayokata maini. Ukumbi mzima machozi. Mama mkwe anajifuta kwa kitenge.

Manyunyu yakaanza kwenye filamu. (Mvua ya Rungwe, mnaijua.) Mara kule pembeni maiti mmoja akanyoosha mkono, akavuta jani la mgomba, akajifunika uso. Halafu akaliweka vizuri!

Nilidhani kamera imeshapita, naapa.

Mara mama mkwe, kwa sauti yake ya kwaya:

"Mwe! Si mkwe wangu yule?"

"Ndiye, mama," mke wangu akajibu kinyonge.

"Mbona amefufuka?"

Ukumbi ukalipuka. Yule mzee wa nyuma akasimama kabisa: "Mmalizieni, huyo bado mzima!" Watu wakaomba irudishwe nyuma. Ikarudishwa. Wakaomba tena.

Mlangoni mama mkwe akanishika mkono, macho bado mekundu. "Ndaga, baba, asante. Sikujua babu zetu walipigana hivyo. Nimelia kweli." Akaniachia mkono. "Na pole kwa baridi."

Itaonyeshwa tena Jumapili ijayo. Nendeni, mtajivunia. Ila yakianza maombolezo, nawasihi, fumbeni macho kwa heshima ya marehemu.