Kodiani, Katiba ya Waingereza na Mwalimu Revelian

Jumapili, 5 Mei 1957

Leo nimeanza maisha mapya. Nimeyaanza baada ya chakula cha mchana, maana asubuhi kulikuwa na misa, na baada ya misa nilisinzia.

Kwa faida ya wajukuu watakaosoma daftari hili: mimi ni Revelian, mzaliwa wa Bukoba, mwalimu mwenye diploma, mpangaji wa Bi Mwanabaraka hapa Temeke. Mwaka jana nilijiandikisha kusomea shahada kwa njia ya posta. Vitabu vinakuja kwa meli kutoka Uingereza. Mtihani wa kwanza ni mwezi ujao. Mkuu wa shule ametamka wazi kwamba atakayefaulu ndiye atakayekuwa msaidizi wake. Nafasi hiyo ina ofisi yenye mlango.

Akili ninayo. Kinachopungua ni hamu. Nikifungua Historia ya Katiba ya Waingereza, kope zinashuka kabla ya ukurasa kugeuka. Lakini nikishika kodiani yangu, kile kinanda cha kuvuta na kusukuma, naweza kukaa mpaka vidole vife ganzi. Niliipata kwa Mgoa mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Kitufe kimoja kikibonyezwa hakirudi, lakini mpigaji hodari anakizunguka. Fakihi, kiongozi wa bendi ya dansi kule Kinondoni, amekubali kunisikiliza Jumapili ya mwisho ya mwezi huu. Kwa hiyo shahada na dansi, vyote viwili. Sioni kwa nini mtu achague.

Kuna Gregori pia. Mwalimu mwenzangu, mtu wa Masasi, amejiandikisha kozi hiyohiyo. Jioni hukaa kibarazani kwake akichonga mpingo. Hana haraka na lolote. Mtu asiye na haraka hunichosha.

Nimepata dawa ya uvivu: aibu. Kuanzia kesho kila mtu ataniuliza nimefika sura ya ngapi. Nani atakubali kuaibika kila siku? Atasoma tu.

Jumanne, 7 Mei

Nimewaambia walimu wote. Nimemwambia Bi Mwanabaraka. Nimemwambia Kondo muuza kahawa, ambaye huzunguka na dele lake mtaa mzima na anajua habari za kila nyumba. Nikamsisitizia aulize bila huruma. Kondo akasema hilo tu, mwalimu, wala usijali.

Nimesoma kurasa tatu kwa furaha ya kuanza. Kisha nikapumzika na kodiani.

Jumamosi, 11 Mei

Aibu haifai. Inafanya kazi kupita kiasi.

Kondo hakuuliza peke yake. Amewatuma wengine. Muuza maji ananiuliza. Fundi cherehani ananiuliza huku kashika sindano mdomoni. Jana mzee mmoja nisiyemjua kabisa alisimamisha baiskeli, akapokea shikamoo yangu, akauliza sura ya ngapi. Nikasema ya tisa. Kondo, aliyekuwa akimimina kahawa pembeni, akasema taratibu kwamba juzi nilikuwa ya kumi na moja.

Nikaeleza kwamba wasomi wa kweli hurudi nyuma. Wakatazamana.

Sasa naenda shuleni kwa njia ya nyuma, kwenye miti ya mibono. Ni mbali na kuna siafu.

Jioni nilipita kwa Gregori nione anasoma saa ngapi. Nilichokiona sikukipenda. Anachonga, na pembeni yake kwenye mkeka kaketi Anastasia, yule nesi wa nyumba ya tatu, anamsomea Katiba kwa sauti. Gregori anaitikia “ehe” na patasi haisimami. Nikamuuliza kama huo ni usomaji. Akasema mikono ikiwa na kazi masikio hayatoroki. Anastasia akanikaribisha niketi nisikilize nami. Nikasema nina shughuli.

Anastasia ana sauti nzuri. Hilo naliandika kwa ajili ya ukweli tu.

Jumatano, 15 Mei

Nimeiboresha mbinu ya Gregori. Nilimwomba Anastasia anisomee mimi pia, leo, saa ya mapumziko yake, huku nikipiga kodiani. Alikuja. Akasoma. Nikapiga.

Tatizo ni kwamba kinyago hakina sauti. Yeye akapandisha, nami nikapandisha. Kufikia habari za mfalme aliyekatwa kichwa, Anastasia alikuwa akipiga kelele kama anazima moto, na Bi Mwanabaraka akatoka jikoni na mwiko kuuliza nani kakatwa. Anastasia alifunga kitabu, akasema kwa upole, “Mwalimu Revelian, chagua unisikilize mimi au ujisikilize mwenyewe.” Nikamwomba dakika ya kufikiri. Nilipomaliza kufikiri alikuwa amekwenda.

Ijumaa, 17 Mei

Leo nimevumbua jambo kubwa. Nimeunda Umoja wa Wasomi wa Temeke. Wanachama: mimi mwenyekiti, Gregori, Anastasia, na Kondo, ambaye alikuja kuuza kahawa akakataa kuondoka.

Mpango ni huu. Kitabu kigawanywe. Kila mtu asome sehemu yake, awaeleze wenzake kila Ijumaa. Mimi nimejichagulia wafalme wa zamani, wale wa kupigana na kula. Gregori nimempa Bunge, kodi, mahakama na ule ugomvi mrefu wa mfalme na Bunge, yaani sehemu nzito yote, kama gunia la chumvi. Hesabu yangu ni rahisi: ataelemewa, atakata tamaa, na mimi nitakuwa nimesikia yote kwa mdomo wake kabla hajaanguka.

Gregori alizitazama zile sura, akasema asante. Anastasia akasema atamsaidia kuzisoma, kwa kuwa ni nyingi.

Hapo sikuwa nimepapigia hesabu.

Ijumaa, 24 Mei

Mkutano wa Umoja. Gregori ameeleza Bunge kwa muda mrefu sana. Amechora chini kwa kijiti, mfalme huku, wabunge kule, na kodi katikati kama mfupa kati ya mbwa. Kondo aliuliza maswali. Anastasia aliuliza maswali. Mimi nilikuwa nafanya mazoezi ya vidole chini ya meza, maana Fakihi ni keshokutwa. Mara nikaona wote wananitazama. Gregori alikuwa ameuliza kama nimeelewa. Nikasema nimeelewa kuliko wote.

Jumapili, 26 Mei

Siku ya Fakihi. Naandika nikiwa nimelala kifudifudi, kwa sababu za kiafya.

Asubuhi dhamiri ilinisuta. Nikaona nisome kwanza, ndipo niende Kinondoni, nikafike saa kumi nikiwa msafi wa roho. Lakini najijua. Nikamwomba Bi Mwanabaraka anifungie chumbani kwa ufunguo mpaka saa tisa. Nikamwapisha asifungue hata nikilia. Akacheka, akasema, “Mwanangu, mie sijawahi kuona mtu anajifunga jela mwenyewe.” Akafunga, akapiga fundo ufunguo kwenye ncha ya kanga.

Nikasoma. Kweli nilisoma. Kisha nikaona nipumzike kwa wimbo mmoja. Nilipouweka chini ule wimbo, saa tisa ilikuwa imepita na nyumba kimya.

Nikaita. Kimya. Nikagonga. Mpangaji wa chumba cha pili akaja mlangoni akasema Bi Mwanabaraka ameitwa msibani Mtoni, kaondoka mbio, na ameacha agizo mwalimu asifunguliwe hata akilia. Nikasema silii, naomba. Akasema hata kuomba kumetajwa. Na ufunguo uko Mtoni.

Kulibaki dirisha. Niliipitisha kodiani kwanza, nimeivaa kifuani, kisha kichwa, kisha mabega. Mkanda wa suruali ukanasa kwenye komeo. Nikabaki nusu ndani nusu nje, kodiani ikining’inia chini yangu, ikifunguka kwa uzito wake na kutoa sauti moja ndefu ambayo haikutaka kwisha, maana ni kile kitufe kisichorudi. Watu wakajaa. Kondo akainama tuonane uso kwa uso, akaniuliza nimefika sura ya ngapi.

Aliyenitoa ni Gregori. Alikuwa anapita na Anastasia. Alinishika makwapani, akavuta, mkanda ukakatika, nikaanguka juu ya kodiani na kodiani ikapasuka ubavuni. Nililia kidogo. Naliandika kwa kuwa daftari ni langu.

Gregori aliibeba mpaka kwake, akaziba mpasuko kwa ngozi ya mbuzi na gundi yake ya kuchongea, akakirekebisha na kile kitufe. Haikumchukua muda. Akanipandisha nyuma ya baiskeli yake, tukaenda Kinondoni, njia nzima akinyonga na mie nimekumbatia kinanda.

Fakihi alinisikiliza mpaka mwisho. Ni mtu wa adabu. Akasema nina moyo. Kisha akageuza kodiani, akapapasa ile ngozi, akauliza fundi ni nani. Gregori anaanza Jumamosi kutengeneza vyombo vya bendi.

Jumatatu, 17 Juni

Mtihani. Chumba kirefu, saa ya ukutani, Mzungu msimamizi anakohoa.

Swali la kwanza: Eleza chanzo cha ugomvi kati ya mfalme na Bunge. La pili: kodi. La tatu: mahakama. Nikageuza karatasi upande wa nyuma kutafuta wafalme wa zamani. Upande wa nyuma ulikuwa mweupe.

Nikatulia. Nikaeleza kwamba mfalme ni kama mwenye nyumba, na Bunge ni kama wapangaji, na kwamba mwenye nyumba akifunga mlango akaenda msibani na ufunguo, wapangaji hutafuta dirisha. Niliandika vizuri. Nilijaza kurasa. Kalamu ya Gregori nyuma yangu ilikwenda taratibu, haikusimama, kama patasi.

Tulipotoka nilimfikiria baba yangu, aliyewatangazia watu kanisani kule Bukoba kwamba mwanawe anasomeshwa na Uingereza yenyewe. Gregori akauliza niliuonaje. Nikasema mwepesi. Alinitazama, akanunua muhogo wa kuchoma, akaukata, akanipa nusu kubwa. Tulikula tumeketi juu ya ukuta wa soko. Ulikuwa muhogo mzuri. Sikupenda kwamba ulikuwa mzuri.

Jumanne, 20 Agosti

Majibu yamekuja. Gregori amefaulu. Mimi sikufaulu.

Mkuu wa shule ameshampa ile ofisi yenye mlango.

Jioni alikuja na Anastasia. Nikadhani wamekuja kunipa pole, nikavaa uso wa mgonjwa. Kumbe wana habari ya pili: wanaoana baada ya Krismasi. Bi Mwanabaraka akapiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia. Kisha Gregori akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

“Bwana Revelian,” akasema, “yote yaliyoulizwa yalikuwa kwenye zile sura ulizonipa. Ungeweza kuzichukua mwenyewe, ukaniachia mimi. Sitasahau.”

Anastasia akaongeza kwamba na wao wawili wasingezoeana hivyo kama sura zingekuwa chache.

Nilifungua mdomo. Nikasema karibuni chai.

Walipoondoka nilikaa kitandani, hata kodiani sikuigusa. Bi Mwanabaraka akaingia na sahani ya ndizi. Amezipika kwa nazi, jambo ambalo kwetu Bukoba lingeitishiwa kikao cha ukoo. Nikala zote. Akaketi kwenye kiti, akanitazama kama mama, akasema, “Mwanangu, mshika mbili moja humponyoka. Nawe umeshika mbili, zimekuponyoka zote. Safari hii shika moja.”

Nikamwambia nitalifikiria. Alikuwa amesema kweli, nikajua hivyo, na nikalala mapema.

Alhamisi, 22 Agosti

Nimelifikiria.

Methali ya Bi Mwanabaraka ni nzuri lakini haikukamilika. Mshika mbili moja humponyoka, sawa. Basi mshika tatu, ikimponyoka moja, anabaki na mbili. Mshika nne anabaki na tatu. Kosa langu lilikuwa kushika chache. Nashangaa wahenga hawakufika hapo. Pengine waliitwa kula.

Kwa hiyo leo asubuhi nimeandika tena Uingereza. Siyo kwa ule mtihani mdogo. Nimeomba kusomea sheria, kwa kuwa mtu aliyekwama kwenye jambo jepesi huenda aliumbiwa zito. Mchana nimekubali kuwa mwamuzi wa mechi za mpira kule Kipawa. Sheria za mpira sizijui, lakini zitanizoesha sheria kwa jumla. Kodiani naendelea nayo, na Fakihi amesema naweza kujaribu tarumbeta, ilimradi nijaribie mbali.

Na kubwa kuliko yote: nitatoa mihadhara. Walimu vijana wengi hapa Temeke wanasoma kwa posta na kukata tamaa. Wanahitaji mtu mwenye uzoefu. Nimetangaza kwamba Jumamosi nitazungumza uwanjani mbele ya shule juu ya “Namna ya Kudumu na Masomo Bila Kuacha Mambo Uyapendayo.” Nimemwomba Gregori aje asimame pembeni yangu awe mfano. Amekubali. Kondo ataleta kahawa.

Mechi ya Kipawa ni Jumamosi hiyohiyo. Na Fakihi anataka kunisikia na tarumbeta Jumamosi hiyohiyo. Vyote saa kumi.

Nitaanza na mhadhara, niufupishe.