Wiki ya Kujifanya Maskini Nyakunguru

Jumapili, 1 Agosti 1993

Tumsifu Yesu Kristo, shemeji Ogweno. Hujambo? Mgongo wako umetulia? Watoto wanalala salama huko Isebania? Sisi tunapumua kwa neema yake Bwana. Dada yako Rispa anakusalimu, ila anauliza kama siku hizi mpaka wa Sirari umejengwa ukuta, maana huji.

Umelalamika kwamba barua zangu hufika zimepoa. Haya! Wiki hii naandika kila siku, kisha dereva wa lori la samaki atakuletea yote kwa pamoja. Usimsomee mtu.

Habari kubwa ni mbaya. Upepo umeezua darasa letu la kigango, lile la kanisa. Lile lile! Pale ulipolilia uji, pale nilipoandika jina langu kwa mkaa mara ya kwanza. Mwalimu Petronila bado yupo, anafundisha chekechea. Mvi kichwa kizima, sauti haijazeeka hata kidogo. Anafundisha kwenye kuta tupu, jua linawapiga watoto utosini.

Baada ya Misa ameniita pembeni. Amesema taratibu kwamba mvua zikimkuta hana paa, anafunga darasa, anakwenda kuishi kwa dada yake Musoma. Mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya darasa. Akifunga, wale wadogo watafuata mama zao kwenye makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, wakila vumbi mchana kutwa.

Zamani kazi ya kuezeka ingeisha kabla ya Jumapili nyingine. Unakumbuka? Paa la nyasi likichoka, akina mama walishuka bondeni kukata nyasi, wakiimba mpaka ng'ambo wanaitikia. Akina baba juu, sisi chini tunarusha mafungu. Wewe ulimrushia katekista usoni. Bonde lile sasa ni maduara, mashimo ya wachimbaji, shimo kwa shimo. Hakuna nyasi ya kutosha hata kiota cha kuku.

Lakini usilie, shemeji. Nina mpango!

Jumatatu, 2 Agosti

Mpango ndio huu. Kuna shirika Musoma linatoa msaada wa elimu au afya, mradi mmoja tu kwa kata yetu. Niliomba tangu Juni. Wanakuja Alhamisi kukagua waombaji wawili. Wa kwanza mimi. Wa pili Protasi.

Humjui Protasi. Ni mtu wa Bukoba, alifuata dhahabu hapa na begi moja, leo ana karasha, pikipiki na kitambi. Anaomba vyoo vya wachimbaji. Vyoo! Ashindane na watoto! (Kusema kweli vyoo vinahitajika sana. Nimelisema kwako tu.)

Nimekwenda kwa karani wa kata, nikamuuliza wafadhili hupenda nini. Akatazama mlangoni, akaninong'oneza kwamba hupenda shida. Wakiiona shida, kalamu inatembea yenyewe.

Vizuri. Shida tutawapa mpaka washibe.

Jumanne, 3 Agosti

Nimeitisha mkutano. Nimetangaza kwamba Alhamisi nisione baiskeli, redio, viatu wala kitenge kipya. Ng'ombe wote wapelekwe mtoni, wasirudi mpaka gari la wageni liondoke.

Mzee Kisyeri akauliza wageni watakula nini. Nikasema watakunywa maji. Halafu mzee akauliza, mura, kijana wangu, huyo mama yako amekufa kweli, au yuko mahali anakusikia? Watu wakacheka mpaka wakajishika mbavu.

Hata hivyo wamekubali wote! Kila kichwa kimeinama. Hakuna aliyebisha zaidi. Simioni fundi seremala, ambaye hubishana hata na saa, amesema ndiyo. Nimerudi nyumbani nikimshukuru Roho Mtakatifu kwa umoja huu.

Jumatano, 4 Agosti

Nimelichana shati langu kwenye mabega na kiwiko, kwa ustadi. Rispa ameliona, akapiga yowe. Yawa! Kumbe ni lile la harusi yetu. Akasema ningeacha tu, kwa sababu shati langu la kila siku lingewaliza wafadhili bila msaada wa mkasi.

Nimesali rozari nzima juu ya jambo hili. Je, ni uongo? Nimemweleza Mungu kwamba ng'ombe siwakani, nawaficha tu. Hajanijibu. Nimechukulia ameridhia.

Protasi akapita na pikipiki. Akasimama, shikamoo mzee Hosea, akanitazama shati. Akasema, mura, ongeza na majivu usoni. Neno amelijua kwetu juzi tu, tayari ananipiga nalo! Nikamwombea. Baadaye nikaliondoa ombi.

Sasa siri, shemeji. Ng'ombe wangu wamekwenda mtoni, ila dume mmoja, yule wa madoa, nimemfunga nyuma ya jiko. Mmoja tu! Nimeshindwa. Mtu atoke Musoma, aje kwangu, nimpe maji? Unamkumbuka baba. Siku ile alipochinja kwa ajili ya mgeni asiyemjua, baiskeli imemharibikia njiani. Mgeni akala, akalala, akala tena. Asubuhi akajitambulisha kuwa ni mtoza kodi. Baba akamlipa kodi, akamfungia na nyama ya njiani. Watu walikuwa hivyo. Nikimkumbuka, pua inaniwasha.

Mmoja hataonekana. Nitasema ni wa jirani.

Alhamisi, 5 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Gari lilifika asubuhi. Kiongozi wao ni mama mmoja mpole, jina lake bibi Agatha. Mimi nimekaa kwenye jiwe mlangoni pa darasa, peku, shati linapepea. Mwalimu Petronila anaimbisha watoto juani. Bibi Agatha akatikisa kichwa kwa huruma, akafungua kalamu. Mambo yanakwenda!

Mara Mzee Kisyeri akatokea kwenye kona. Amevaa koti la harusi ya mjukuu wake, anavuta dume jekundu. Nikamkonyeza arudi. Akanikonyeza pia, akaja. Nyuma yake Simioni na dume lake. Kutoka njia ya kisimani, dume lingine. Kumbe kila nyumba ilificha mmoja tu! Kila mtu alidhani wenzake watatoa maji, na yeye peke yake ataokoa heshima ya kijiji. Njia zote zikajaa pembe.

Si hayo tu. Makochi yalikuja vichwani mwa vijana, na vitambaa vyake vyeupe vya kufuma. Redio mbili, kila moja stesheni yake. Akina mama na vitenge vikali kama jua. Na Rispa wangu, mke wangu wa ndoa, akaja akimwongoza yule wa madoa, amemfunga utepe!

Bibi Agatha akauliza kwa upole kama mifugo hii ni ya hapa. Mzee Kisyeri alikuwa anasubiri swali hilo tangu azaliwe. Akamtajia dume lake, baba yake dume, babu yake dume, na vita alivyopigana babu yule. Kalamu ikatembea, karani hakukosea.

Kisha mama yule akanigeukia mimi. Akauliza watu, kwa sauti ya chini, kama huyu baba hana ndugu kabisa. Nikamtazama Rispa. Rispa akasema ameshawahi kumwona mitaa hii.

Likachinjwa lile dume la njia ya kisimani, wakala nyama. Mimi nikaletewa sahani pale kwenye jiwe. Wakati wa kuondoka, bibi Agatha akavua sweta lake la waridi, akanivika mwenyewe, vifungo vyote. Watu wakapiga makofi.

Ijumaa, 6 Agosti

Karani ameleta jibu. Vyoo! Msaada umekwenda kwa Protasi. Bibi Agatha amesema kijiji chenye mifugo na ukarimu kama ule kinaweza kuezeka darasa chenyewe. Ameongeza kwamba kianze kwa kumtunza yule mzee wa matambara.

Mchana nimekwenda darasani peke yangu. Mwalimu Petronila alikuwa anabandua picha za herufi ukutani, moja moja, anazifuta vumbi na kuziweka kwenye sanduku. Hakunilaumu. Aliniuliza tu kama bado nakumbuka wimbo wa irabu. Nikauanza, nikaishia kwenye e. Akaniimbia mpaka mwisho, kama zamani. Nje makarasha yananguruma. Shemeji, sijawahi kuona anga kubwa namna ile ndani ya chumba.

Jumapili, 8 Agosti

Baada ya matangazo ya Misa, Mwalimu Petronila akasimama. Hakupandisha sauti. Akasema Alhamisi ameona madume yakitoka kila boma kwa ajili ya watu ambao hata majina yao hatukuyajua vizuri. Angependa kujua, watoto wafanye nini nao wahesabiwe kuwa wageni?

Mzee Kisyeri akainuka, akalinyoosha koti, akasema yule mwekundu anakwenda mnadani kesho. Simioni akasema wake naye aende, na ufundi anautoa bure. Sauti zikawa nyingi. Akina mama watasomba maji na mchanga. Hata Protasi! Alisema karasha litalala siku moja, vijana wake watapanda juu. Akina mama wakaanza wimbo ule wa kukata nyasi. Ule ule, Ogweno. Nilidhani umekufa. Nikalia waziwazi.

Kisha nikanyoosha mkono. Nikawasihi wasubiri! Jana karani amenidokeza kwamba kuna shirika jingine, la Tarime, linasaidia madarasa yasiyo na paa. Tukishaezeka, tutawaonyesha nini? Wakanizomea ndani ya nyumba ya Bwana. Mwalimu Petronila akasema, Hosea, kaa. Kwa sauti ile ya mwaka hamsini na mbili. Nikakaa.

Basi mabati yanapanda wiki hii. Mwalimu amerudisha herufi ukutani, haendi Musoma. Mungu ni mwema.

Ila nimeongea na Simioni pembeni. Nimemwomba upande wa nyuma asipigilie misumari yote. Wageni wakitangaza siku, tunayashusha mabati machache, tunayalaza nyuma ya sakristia, wakiondoka tunayarudisha. Amenitazama muda mrefu bila kusema neno. Nimechukulia ameridhia.

Sasa nisaidie, shemeji. Ulizia huko kwenu, wafadhili wa upande wa Kenya hupenda kuona nini, ng'ombe au njaa? Nijipange mapema. Lori linarudi huku Ijumaa. Tafadhali nijibu upesi.

Wako,
Hosea Mniko